Wanaume Watatu Ukutani

Fordsburg, Johannesburg
14 Februari 2016

Bibi yangu, Bi Mwatumu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, maana ya kwanza najua hukuisikia. Mama ananiambia simu umeikataa kabisa, eti sikio la kulia limestaafu na la kushoto umeliweka kwa ajili ya adhana na taarabu. Haya, nimesalimu amri, naandika. Barua hii anakuletea Suhaib, yule mchuuzi wa Chumbageni anayekuja huku na basi na kurudi na basi. Mpe chai ila usimpe sikio, ana maneno yule.

Mimi mzima. Bado niko duka la mapazia hapa Fordsburg, napima, nakata, napanda ngazi natundika. Chumba nimehamia Joubert Park, karibu na stesheni kubwa, jengo limejaa Wakongo na Watanzania, hata ukikohoa unajibiwa pole kwa Kiswahili.

Sasa kaa vizuri, Bibi. Juzi tulitumwa kutundika mapazia ukumbini Chuo cha Rietkop, nje kidogo ya mji. Ni chuo cha zamani sana. Ukuta umejaa picha za wanamichezo wao, na zile kongwe ziko juu kabisa karibu na dari, hazionekani ila kwa mtu aliye juu ya ngazi. Nikajikuta uso kwa uso na kijana mwembamba, kaptura mpaka magotini, chini yake pameandikwa: "O. Watanga, mbio, 1911." Nikajiuliza, Watanga gani tena huku? Nikatazama mkono wake wa kushoto. Juu ya kiwiko amefunga kitu cheusi cha pembe tatu, katikati kina doa jeupe. Bibi, ile ni hirizi! Mimi nimelelewa nyumbani kwako, hirizi siihitaji kuelezwa.

Nikasogeza ngazi. "O. Mussa, mpira wa miguu, 1912." Kofia imemfunika nusu ya uso, lakini mkono ni ule ule na hirizi ni ile ile. Nikasogeza tena. "O. Tumu, kriketi, 1914." Huyu ana ndevu na gongo begani, na hirizi iko pale pale.

Nikapiga ukelele. Chini alikuwa amesimama mwalimu wao wa Kifaransa, Madamu Célestine, mama wa Lubumbashi. "Weye kijana, shuka! Utaanguka juu ya kichwa yangu!" Nikamwambia hawa watatu ni mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni Othmani bin Mussa, baba yake bibi yangu, aliyesomea huku Kusini. Akacheka mpaka akashika ukuta. Chuoni wanajua ni wanafunzi watatu, na kile cheusi wanasema ni kitambaa cha unahodha. "Na huyu Watanga," akasema, "miye nilizani ni kabila ya watu."

Jambo lenyewe ni hili. Chuo kimejenga uwanja mpya wa michezo na kamati inatafuta jina. Wamesema atapewa mwanafunzi wa kale aliyeng'ara katika michezo mitatu. Hawajampata hata mmoja, kwa hiyo uwanja uko njiani kupewa kampuni ya vigae iliyolipia nyasi. Eish, Bibi! Kampuni ya vigae!

Ngamiani wamekucheka maisha yako yote, "Bi Mwatumu na baba yake wa michezo yote." Nataka wakome. Niambie Babu alifikaje huku, kwa nini aliitwa Watanga, na huyu Tumu ni nani.

Mumeo,
Mussa


Ngamiani, Tanga
3 Aprili 2016

Mume wangu mdogo,

Marahaba zote mbili. Barua imefika inanuka vitunguu, sijui huyo Suhaib aliihifadhi wapi. Chai nimempa, sikio kalichukua mwenyewe. Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua, anajifanya halimsumbui. Paka amezaa ndani ya kabati la vyombo, tunakula kwa sahani za majirani. Na hilo "eish" lako ndilo nini? Umepata pumu?

Nimecheka, nikalia, nikacheka tena. Nilisema mimi! Nilisema! Jirani yangu Bi Fauzia nimemsomea barua ukumbini mwake mwenyewe, akaniomba niirudie tangu mwanzo.

Baba aliondoka Tanga bado kijana, akavuka kwenda Unguja, akawa msaidizi wa mpishi kwa daktari mmoja wa Kiingereza. Daktari alipohamia huko kwenu akaenda naye. Akamwona ana akili, akamtia chuo asomee ualimu. Siku ya kwanza wakamuuliza jina. Othmani. Othmani nani? Basi kwetu sisi mgeni akiulizwa fulani nani, anataja kwao. Akajibu, Othmani wa Tanga. Mzungu akaandika Watanga, akafunga kitabu chake. Mwaka wa pili Baba akakataa kuitwa kama kabila, akasema yeye ni Othmani wa Mussa, ndipo wakaandika Mussa. Kwa hiyo hao wawili ni mmoja, waambie nimesema mimi.

Mbio alizaliwa nazo. Mimi mtoto nilimwona kwa macho yangu akilifukuza treni la Moshi, amevaa kanzu, ampe abiria kofia aliyoisahau, na akampa. Mpira alipiga kwa miguu yote miwili, watu hawakujua wamkabe upande gani. Na jioni uani alikuwa ananirushia ndimu nizidake. Nikiangusha, tunaanza upya. Nyingine anazipiga yeye kwa upawa zinavuka ukuta, mama anapiga kelele, ndimu za nani hizo.

Kriketi mimi siijui, sijui hata kama inaliwa au inanywewa. Hirizi kila mtu alivaa. Kula vizuri, baridi ya huko nasikia haina adabu.

Bibi yako,
Mwatumu binti Othmani bin Mussa


Joubert Park, Johannesburg
29 Mei 2016

Bibi,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kwa sababu basi la Suhaib liliharibika Zambia, akakaa huko mpaka akapata marafiki. Mpe mama pole ya goti. Mimi nimenunua koti zito, nikilivaa naonekana nimetumwa kulinda benki.

Madamu Célestine nimemsomea habari ya Othmani wa Tanga, akapiga kofi. "Njo vile! 'Wa' ya kwetu wameifanya jina!" Amenipeleka mbele ya kamati. Mwenyekiti ni Bwana Lambert, mzee mpole, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Alisikiliza mpaka mwisho. Wamekubali kwamba Watanga na Mussa wanaweza kuwa mtu mmoja, maana mwaka Mussa anaingia ndio mwaka Watanga anatoweka. Lakini hiyo ni michezo miwili, Bibi. Sharti ni mitatu.

Wakaniuliza, na Tumu? Nikawaambia nitakuuliza tena. Kwa sababu wewe hukunijibu. Nimeisoma barua yako mara nyingi, hilo jina umeliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Na unasema kriketi huijui, ila ukurasa huo huo Babu anakurushia ndimu uzidake na nyingine anazipiga kwa upawa. Bibi, hiyo ndiyo kriketi!

Wanataka pia kitu cha kushika mkononi. Wamezikuza picha, na lile doa jeupe kwenye hirizi linaonekana limelala upande, halikunyooka, kwenye picha zote tatu. Kama hirizi hiyo ipo, na kama kuna wa kusema Tumu ni nani, uwanja ni wetu. Kamati inafunga uamuzi mwisho wa Oktoba.

Mussa


Tanga
10 Julai 2016

Mussa,

Sisi wazima. Paka wamegawiwa. Goti la mama yako ni lile lile.

Jina la Tumu liache lilipo. Sikukutuma ukachokoe mambo ya watu waliolala. Uwanja wapewe hao wa vigae, wakaupige vigae waridhike. Mimi nilishachekwa miaka mingi na sikufa.

Mwatumu binti Othmani bin Mussa


Joubert Park, Johannesburg
21 Agosti 2016

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta kazini, nikaisoma juu ya ngazi, nikashuka. Hujawahi kuniita Mussa kavu hivyo tangu nilipovunja birika la marehemu babu. Imeniuma, sitakuficha. Nisamehe kama nimegusa palipo na kidonda.

Sitauliza tena. Bwana Lambert nimemwambia wazee nyumbani hawapendi kuendelea, akasema anaheshimu. Madamu Célestine yeye alinuna. Aliniambia, "Kwetu pia, kama mama mzee anaruka jina, hapana mtu wa kumusukuma. Ila umutumie picha. Ni baba yake, iko na haki ya kumuona."

Ni kweli. Umemsifia baba yako miaka yote na hujawahi kuwa na picha yake ya ujana. Nimewaomba wanipigie nakala, hizo hapo tatu ndani ya bahasha. Wanaume wawili wa kwanza wamekunja uso. Huyo wa tatu wa kriketi mtazame mwenyewe.

Suhaib nimemwambia akizikunja nitamkunja yeye.

Mumeo, kama bado unanitaka,
Mussa


Ngamiani, Tanga
18 Septemba 2016

Mume wangu, kipenzi changu,

Nakutaka. Ningekuacha ningempata wapi mwingine wa kunipandia ngazi?

Picha zimefika zimenyooka. Nilizitandaza kitandani nikamtazama yule wa tatu. Anacheka. Meno yote nje. Mussa, mimi nimekaa na baba yangu mpaka anafariki, sikuwahi kumwona akicheka meno yakaonekana. Na chini yake pameandikwa Tumu. Nimelia mpaka mama yako akataka kumwita daktari.

Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka nimezeeka. Sikiliza sasa.

Tumu alikuwa mama yake. Alikuwa mjakazi kwenye ile nyumba ya ghorofa unayoijua, yenye mlango wa msumari. Akazaa na bwana wa nyumba, na bwana akamkana mtoto. Tumu akatoka na mwanawe mgongoni, akaenda kwa kaka yake, Mussa, mchukuzi wa bandarini. Huyo ndiye aliyemlea Baba. Kwa hiyo Mussa hakuwa baba, alikuwa mjomba. Jina lako lakini usilionee haya, mjomba ni mama.

Hapa mjini ukiitwa kwa jina la mama watu wanajua huna baba. Watoto walikuwa wanamfuata Baba njiani wakiimba, "Othmani wa Tumu! Othmani wa Tumu!" Unafikiri mbio alijifunzia wapi? Alilikimbia jina hilo mpaka Unguja, akalikimbia mpaka huko uliko.

Mwaka wa mwisho wa chuo ikamfikia habari kwamba mama yake amefariki, na ameshazikwa zamani. Baba alinisimulia hili mara moja tu, tukiokota ndimu uani. Alikwenda kwa mwalimu wa kriketi akamwambia, kuanzia leo mniandike Tumu. Mwalimu akamuuliza kama ana uhakika. Akasema hajawahi kuwa na uhakika zaidi. Siku hiyo akacheza kama mtu mwenye wazimu, mipira inavuka miti, na kila ikivuka watu wa huko wanaimba, "Tumu! Tumu!" Jina lile lile, Mussa. Huku walimzomea nalo, huko wakamshangilia nalo. Nadhani ndiyo siku hiyo waliyompiga picha.

Alirudi nyumbani akawa mwalimu, akaoa kwa watu wenye jina. Akaniita mimi Mwatumu, watu wakadhani jina tu. Alipofariki, mama yangu akaniapisha tuseme bin Mussa na tunyamaze, ili sisi tuolewe vizuri. Nikanyamaza. Mbio nikazitaja, mpira nikautaja, kriketi nikaimeza kwa sababu ya jina lililokuwa ndani yake. Mama yangu yuko kwa Mola, ataniwia radhi, na sina tena binti wa kuozesha.

Hirizi ninayo. Imeshonwa na Tumu mwenyewe. Kauri, hilo doa jeupe mnaloliona, imelala upande kwa sababu alikuwa wa shoto, kila alichoshona kililala upande, Baba alisema hata kanzu zake. Nimemfungia Suhaib shingoni, ndani ya shati, na nimemwapisha. Masharti yangu mawili. Isifunguliwe, asije profesa akataka kujua kuna nini ndani. Na irudi.

Waambie kamati Tumu ni nani. Waambie mjakazi, usiseme mtumishi. Ukiulizwa kwa nini aliitwa kwa mama yake, sema ndiye aliyemzaa.

Bibi yako,
Mwatumu


Joubert Park, Johannesburg
5 Machi 2017

Bibi!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Nisamehe kwa kimya hiki. Ulishasikia kwa mama kwamba Oktoba tulishinda, lakini nilitaka kukuandikia siku yenyewe ikipita, na imepita jana.

Kwanza ile siku ya kamati. Nilisoma barua yako kwa Kiswahili, Madamu Célestine akatafsiri. Alipofika pale mpira unavuka miti na watu wanaimba Tumu, akashindwa, akatoa kitambaa akafuta macho, akasema "pardon", akaendelea. Kisha nikaiweka hirizi mezani. Bwana Lambert akaleta lenzi, akaweka picha moja moja pembeni yake. Kauri imelala upande ule ule kwa wote watatu. Akavua miwani. Mtu mmoja wa kamati akanyoosha mkono, eti ifunguliwe kidogo tu waone maandishi. Madamu akampiga kofi mkononi. "Mwenyewe alikataza!" Basi ikaishia hapo, wakanyoosha mikono wote. Watu wa vigae hawakununa hata kidogo, vyoo na mlango wa kuingilia vimepewa jina lao.

Jana sasa! Nimeifunga hirizi mkono wa kushoto, juu ya shati, kila mtu aione. Nilidhani tutakuwa mimi na Suhaib. Jengo letu lote limekuja, Bibi. Wakongo na ngoma zao za kanisani, Watanga wa Fordsburg na kanzu zao, mama lishe na sufuria la pilau. Pazia la kufunikia ubao wa jina nilishona mimi mwenyewe, nikalitundika mimi mwenyewe, na Bwana Lambert akaniambia, basi livute wewe.

Nikalivuta. Pameandikwa hivi, kwa Kiswahili, kwa herufi za urefu wa mkono wangu: UWANJA WA OTHMANI WA TUMU.

Mkuu wa chuo akauliza kwenye kipaza sauti, hilo "wa" maana yake nini. Madamu Célestine akakichukua. Akasema ni kaneno kadogo sana, na zamani chuo hiki kilikosea kakaandikwa kama jina. Leo kamerudi mahali pake, na ni "wa" wa mama yake. Halafu mama lishe wa kwetu akapiga kigelegele, na Wakongo wakajibu, na wanafunzi wa Kizulu wakajibu kwa namna yao, uwanja mzima ukawa unaimba, "Tumu! Tumu! Tumu!" Mimi nililia hadharani na sikuona haya.

Wakaniambia nipige mpira wa kwanza. Niliupiga ukaenda nyuma. Hilo sikulirithi.

Wale watatu wameshushwa kutoka darini. Wako mlangoni mwa ukumbi, urefu wa macho, ndani ya fremu moja. Hirizi inarudi shingoni mwa Suhaib, haijafunguliwa. Picha ya ubao iko humu ndani.

Mumeo mwenye furaha kupita kiasi,
Mussa


Ngamiani, Tanga
23 Aprili 2017

Mume wangu,

Marahaba tatu. Hirizi imefika, iko chini ya mto wangu. Goti la mama yako limepona ghafla, amecheza barazani mpaka nikamwambia akae chini.

Nilialika watu. Nilipika mkate wa kumimina, nikampa Bi Fauzia barua aisome, maana ndiye mwenye sauti na ndiye aliyenicheka zaidi. Akaisoma yote, pamoja na ya mjakazi na ya mlango wa msumari, hakuruka neno. Alipofika kwenye ubao akaiweka barua chini. Akanishika mkono akasema, "Mwatumu, nisamehe." Nimemsamehe, ila nimemwambia akiniona njiani aseme tena kila wiki.

Sasa sikia kichekesho. Juzi alikuja mzee wa ile nyumba ya ghorofa, mjukuu wa yule bwana. Kavaa joho, kaleta halua, kakaa kwenye kiti changu kizuri. Kaizungusha picha ya ubao, kaisoma, kakohoa. Akasema, "Bi Mwatumu, kumbe Othmani ni damu yetu. Ingefaa pale waongeze na jina la ukoo wetu."

Nikamkaribisha halua yake mwenyewe. Nikamjibu, "Mmechelewa, baba. Ubao umeshapakwa rangi."

Ni mimi,
Mwatumu binti Othmani wa Tumu